Neno la Siri la Bi Mashavu

Sogeeni. Mwenye simu aiweke mfukoni, na mwenye mdomo mwepesi akae hapa karibu yangu nimwone. Hadithi hii nimeipokea kwa wanawake wa Tanga, na nikiimaliza nitawaachia mzigo, maana mimi mwenyewe kuutua umenishinda.

Alikuwako somo mmoja pale Ngamiani, jina lake Bi Mashavu. Somo mnamjua: ndiye amfundaye mwali, ndiye amsingaye, akamsugua mwili kwa liwa ya msandali, ndiye amwambiaye yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Bi Mashavu alifunda wengi, na kila aliyemfunda alibaki kuwa mwanawe. Ndoa ikimchachia mtu, haendi kwao; huenda kwa Somo. Na siku hizi, mwenzangu, nani aendaye kwa miguu? Humtumia ujumbe wa sauti, akalia humohumo kwenye simu.

Katika hao wanawe, watatu ndio walioshinda kwake. Wa kwanza Kidawa. Huyu alikuwa na mikono. Alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapisha picha za pasipoti, na simu zilimtii; iliyowashinda mafundi yeye huigusagusa tu, mara ikawaka. Wa pili Nunu, na huyu alikuwa na ulimi. Nunu aliwahi kuitwa na mwenye nyumba wake kuambiwa kodi inapanda, akatoka pale kodi iko palepale na mwenye nyumba kaahidi kumpakia rangi ukuta. Ulimi gani huo, mimi sijui. Wa tatu Tausi, na Tausi alikuwa na kifua. Ukimwambia jambo, umelizika. Wengine walisema ni mzito, wengine wakasema anaringa, lakini mwenye jambo zito alimtafuta yeye.

Wote watatu waliutaka mkoba. Ulikuwa mkoba wa ukindu aliouacha marehemu Bi Mwanatumu, aliyemfunda Bi Mashavu mwenyewe, na mwenye mkoba ule ndiye somo wa mtaa mzima. Magoti ya Bi Mashavu yalishaanza kugoma, ila ukimuuliza atamwachia nani, hucheka akasema, bado napumua nyie mnagawana sanda? Basi hakumtaja mtu.

Sasa simu yake. Mle ndani mlikuwa na picha za wanawali siku ya kusingwa, mabega wazi, nyuso zimeng'aa kwa liwa. Mlikuwa na sauti za wake za watu. Mmoja alikuwa akieleza kwamba mumewe ni mume wa mchana tu, usiku hana habari. Hilo likifika kwenye baraza la kahawa, talaka itaandikwa kahawa haijapoa. Na mlikuwa na sauti ya Bi Mwanatumu mwenyewe, kaimba nyimbo zote za unyago kabla hajafa. Nyimbo zile hazikuwa mahali pengine popote.

Na kufuli je? Hapo ndipo penye kisa. Siku aliyoinunua, muuza simu alimwambia, bibi, hapa inataka neno la siri, lazima uweke. Bi Mashavu akafurahi moyoni. Neno la siri? Yeye analo. Lipo neno moja ambalo mwali hupewa siku ya mwisho ya kufundwa, akaapishwa asilitamke mbele ya mwanamume wala mbele ya msichana ambaye hajafundwa. Waume wamelitafuta neno hilo tangu enzi na enzi, hawajalipata. Akamgeuzia yule muuzaji mgongo, akaliandika, akarudi nyumbani ametulia kama aliyeweka dhahabu chini ya sakafu.

Ikafika Alhamisi moja. Kesho yake Zamda binti wa jirani alikuwa anaolewa, na leo ni siku ya singo. Zamda amekaa mkekani uani kwa Somo, kajifunika kanga, mama yake yuko ubavuni, na wale watatu wanatwanga liwa. Bi Mashavu akaingia kutoka sokoni na mawaridi yake. Akatia mkono kwenye pochi. Akautoa. Akautia tena, akamwaga kila kitu kwenye ungo, udi, kitana, vidonge vya presha. Simu haimo.

Akaketi, akasimama. Akaenda mlangoni akachungulia njia, akarudi jikoni akafunua sufuria, kana kwamba simu imejipika. Mawaridi yakakanyagwa. Mama Zamda alimsihi anywe maji. Alikishika kikombe akakiweka bila kunywa, na sekunde ileile akakitafuta tena. Zamda naye mgongoni liwa imeanza kumkauka, hakuna anayemtazama.

"Mnisikie," Bi Mashavu akasema. "Atakayenirudishia simu ile haijafunguliwa, siri za watu zikawa salama, mkoba ule pale msumarini ni wake. Naapa mbele ya mwali."

Kiapo mbele ya mwali si cha mchezo. Mama Zamda alikisikia vizuri.

Kidawa hakungoja. Alitoa simu yake akaingia kwenye akaunti ya Bi Mashavu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfungulia akaunti hiyo, na namba zake za kuingilia alikuwa nazo kichwani. Akaona simu haiko mtandaoni. Ni kweli, Bi Mashavu alikuwa bahili wa bando: data huiwasha akitaka kusikiliza ujumbe, akimaliza huizima. Kidawa akasema, data ikiwaka tu naweza kufuta kila kitu kilichomo nikiwa hapahapa, ila ikiwa imezimwa sina la kufanya. Halafu akauliza ufunguo wa simu ni nini, ajue wana muda gani.

Bi Mashavu akamtazama Zamda, ambaye hajapewa neno. Akamvuta Kidawa sikio, akamnong'oneza.

Kidawa aliiteremsha simu yake. "Somo," akasema, "hilo tunalo sote."

Jamani. Bi Mashavu alifunga mlango kwa wanaume akasahau kwamba ufunguo ameugawa kwa kila mwanamke aliyepita mikononi mwake. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama aliyeiokota simu ni mwizi wa sokoni, haifungui hadi Kiyama. Lakini kama ni mmoja wao? Sasa ndipo hofu ilipompata sawasawa. Alizunguka ua akiwahesabu kwa majina wanawe mwenyewe, akimtilia shaka huyu, akimwondolea shaka yule, akimrudia tena, na kila jina lilimuuma.

Nunu akaipiga simu ile, akaweka sauti ya nje ili Kidawa asikie. Ikaita, ikapokelewa. Hakuna aliyesema kitu, pumzi tu. Nunu hakuuliza wewe nani. Alianza wimbo, nusu ya kwanza. Wimbo gani, siwaambii, hapa kuna wanaume. Ni katika nyimbo za ndani, ambazo aliyefundwa akisikia nusu ya kwanza, nusu ya pili humtoka mwenyewe. Na ikamtoka. Upande wa pili, sauti ya mwanamke ikaitikia, kisha ikajikata.

Kwa hiyo ni mwenzao. Mama Zamda alikuwa amekwisha mziba bintiye masikio kwa viganja viwili, lakini viganja vya binadamu vinaziba nini? Wimbo ukaimbwa mbele ya asiyefundwa.

Nunu akaendelea kwa sauti ya kilio. Akasema Somo kaanguka sokoni, yuko hospitali, hatazamiwi kufika jioni. Amewatumia wanawe wote ujumbe wa kuagana kwa simu yangu, na wako nimeutuma humo mkononi mwako, maana sijui u nani. "Washa data, dada, umsikie kabla hajaondoka."

Bi Mashavu mzima wa afya kasimama pale, anasikia akizikwa. Uchuro ulioje, na ndani ya nyumba yenye harusi. Lakini upande wa pili yule mwanamke alianza kulia, kilio cha kweli, akamtaja Mungu wake, na data akaiwasha.

Kwenye kioo cha Kidawa simu ikatokea. Ramani ikafunguka, duara dogo likakaa juu ya nyumba chache za Makorora. Kidole cha Kidawa kilikuwa tayari.

"Ngoja," Bi Mashavu akasema. "Sauti ya Somo wangu imo mle."

Kidawa alimtazama. Alisikia, msije mkasema hakusikia. Akabonyeza.

Picha zikaenda. Sauti za wake za watu zikaenda. Bi Mwanatumu naye akaenda, na nyimbo zake, mara ya pili na ya mwisho. Bi Mashavu aliketi chini palepale juu ya mawaridi akalia kama siku ya msiba. Kidawa alitaka kumshika bega, mkono ukaondolewa. Akasema tu kwamba yule mtu alikuwa nayo mkononi, pengine na neno kichwani, na kungoja kungekuwa kuwaua walio hai kwa ajili ya aliyekufa.

Tausi wakati wote huo hakuwa amesema hata moja. Aliinama akaitazama ile ramani, na kama sauti aliitambua au hakuitambua, anajua yeye. Akavaa buibui lake akatoka.

Hapo ndipo saa zilipokuwa ndefu. Bi Mashavu hakukaa. Alikwenda kumsinga Zamda, akapaka mkono mmoja, akauacha wa pili, akaenda mlangoni. Akamuuliza Kidawa kama simu ikifutwa, mtu aweza kuwa keshasikia kabla. Kidawa akakiri kwamba yaweza kuwa. Kufuta simu ni rahisi. Kichwa cha mtu kinafutwaje? Nunu akaanza kusema maneno ya kumtuliza, na kwa mara ya kwanza ulimi wake haukumfaa.

Adhuhuri ilipopita Tausi akarudi. Akatoa simu, imefungwa kwenye pembe ya kanga, akaiweka miguuni pa Bi Mashavu. Ilikuwa tupu kama ilivyotoka dukani.

"Ni nani?" Bi Mashavu akauliza.

"Jina lake sitalitaja, Somo. Nimeapa."

"Alifungua? Alisikia kitu?"

Tausi akaikunja ile pembe ya kanga.

"Tausi, nakuuliza mimi niliyekufunda."

"Ndiyo maana sijibu," Tausi akasema. "Alichosikia au asichosikia, hakitatoka. Sikumtisha, wala sikumpa kitu. Nimemwekea rehani siri yangu mimi. Ile ambayo hata wewe sijawahi kukwambia. Siku atakapofungua mdomo, nimekwisha mruhusu aanze na yangu, anivunjie nyumba. Akaona haya, akaapa."

Hakuna aliyejua siri hiyo ni ipi, na mpaka leo hawajui. Waliona tu kwamba midomo ya Tausi ilikuwa mikavu, na kwamba alikaa mbali kidogo na wenzake.

Mama Zamda akakohoa, akakumbusha kiapo. Mwali hawezi kutoka kwenye nyumba iliyokula kiapo kikatemwa. Nuksi itamfuata bintiye mpaka kwa mumewe. Atajwe mtu, leo, kabla jua halijazama.

Hapo wakavunjiana heshima. Nunu akasema bila ulimi wake data isingewaka, na kidole cha Kidawa kingebaki hewani. Kidawa akasema bila yeye simu ingerudi imejaa, na Tausi angekuta siri zimeshasambazwa nusu ya mji. Wakamgeukia Tausi wakimlaumu kwamba anamficha msaliti, na kwamba hata masharti ya kiapo hayajulikani kama yametimia, kwa sababu kama simu ilifunguliwa au haikufunguliwa anajua yeye peke yake. Tausi alisema neno moja tu, kwamba wamwulize Somo alimfunda nini kuhusu siri.

Majirani wakaingia, nao wakagawanyika. Wako waliosema Nunu hastahili hata kushika mkoba, aliyeimba ya ndani mbele ya mwali na kumfisha somo wake kwa mdomo. Wengine wakasema Kidawa ndiye, kwa kuwa aliweza kukata pale ambapo Somo mwenyewe alisema ngoja. Wenzao wakajibu kwamba huyo huyo ameua nyimbo, na somo bila nyimbo atafunda kwa nini? Kuhusu Tausi walisema kifua chake ni kizuri mpaka siku kinapokufungia nje wewe mwenyewe.

Bi Mashavu akautoa mkoba msumarini, akaupakata. Aliyataka majibu mawili tu duniani, na yote mawili yalikuwa kifuani mwa Tausi. Kesho harusini watakuja wanawe wote. Watapanga foleni kumbusu mkono, wamwite Somo, na mmoja wao atakuwa yule, na yeye atampa mkono kama anavyowapa wengine. Na yeyote atakayeupokea mkoba leo ndiye atakayemnong'oneza Zamda neno, na sasa lazima aamue kama ni lilelile au ni jipya.

Akawatazama watatu. Wote wamepiga magoti. Zamda naye kashaondoa kanga usoni, anatazama, liwa imempasukapasuka mwilini.

Mimi hapo ndipo mwenye kunihadithia aliponyamaza, na nilipomshika mkono aniambie nani alipewa, alinirudishia swali. Basi nami nawarudishia. Aliyefungua njia kwa uongo, aliyeokoa walio hai akamzika marehemu mara ya pili, na aliyeweka nyumba yake rehani akakataa kusema. Jua linazama, mkoba uko mapajani mwenu. Mngempa nani?