Ufa wa Sebuleni kwa Mama Tupokigwe

"Usizibe ufa kabla fundi hajauona."

Vijana waliokuwa wakimsaidia Mzee Anganile kupanga matofali waliposikia maneno hayo walicheka. Wao walifundishwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo mzee anawakataza kuziba? Wakamtaka awaeleze msemo huo umetoka wapi.

"Ile ya shuleni ni ya kila mtu," akajibu, akilikalia rundo la matofali. "Hii ni ya hapa kwetu Tukuyu, nayo ilianza hivi."

Alikuwapo mjane mmoja, Tupokigwe, kiongozi wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Nyumba yake ilijengwa na fundi Ambakisye, mtu mcheshi ambaye harusi bila yeye haikunoga. Siku ya kukabidhiwa nyumba, Tupokigwe aliimba, fundi akacheza, majirani wakanywa chai mpaka masufuria yakakauka.

Lakini mvua za Tukuyu hazibishi hodi. Ziliponyesha mfululizo, ukuta wa sebuleni ulipasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, ufa wa kupitisha mkono. Bonge la plasta lilidondoka mezani, likazama katika bakuli la maharage. Tupokigwe alilia. Hakuwa akililia maharage. Nyumba ile ilikuwa jasho lake lote, na sherehe ya kumuaga bintiye Lugano, aliyekuwa anaolewa, ilikuwa imekaribia.

Akamwendea fundi. Ambakisye akacheka.

"Mama, milima yetu hii hutikisika. Huo ni ufa wa Mungu. Tia saruji kidogo, paka rangi, wageni hawatajua."

Wifi yake Tupokigwe, Sekela, alikuwa na mawazo hayohayo. Asubuhi iliyofuata saruji na mchanga vilikwisha kuchanganywa, na Sekela ameshika mwiko wa kupigia plasta, mara akaingia jirani yao, Mzee Mwasomola, aliyewahi kuketi kwenye baraza la kata.

"Sekela, weka mwiko chini!"

"Kwa nini, baba? Si wanasema usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta, najua. Lakini mkiuziba leo, kesho fundi atasema mliugongagonga wenyewe. Kwanza aitwe, auone mbele ya mashahidi, apewe nafasi ya kurekebisha kazi yake. Akikataa, baraza lipo. Baraza likishindwa, mahakama ipo. Ila huko kote mtaulizwa: ufa wenyewe uko wapi?"

"Na ukuta ukituangukia kabla ya hapo?" akauliza Tupokigwe.

"Uegemezeni kwa magogo. Kuegemeza si kuziba."

Tupokigwe aliutazama ufa, akaitazama saruji. Aibu ilimchoma. Wakwe waje waikute sebule imeegemezwa magogo kama zizi? Hata hivyo alimwambia Sekela akaimwage ile saruji kwenye njia ya chooni, penye tope. Kisha akatuma watu wamwite fundi. Ambakisye akajibu ana kazi nyingi. Akaitwa tena, akasema anaumwa mgongo.

"Haya," alisema Tupokigwe, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta upasuke akatabasamu. "Asiyekuja kwa ufa atakuja kwa nyama."

Siku ya sherehe Ambakisye alifika mapema, suti imenyooka, mgongo umepona. Tupokigwe akamshika mkono mwenyewe, akampeleka kwenye kiti cha heshima. Kiti kilielekea ufa, gogo moja kulia na jingine kushoto, kama walinzi. Fundi akajaribu kukigeuza. Sekela akakirudisha kwa adabu zote. Upepo wa mvua ukapenya ufani, ukampeperushia tai usoni. Wanakwaya wakajiuma midomo wasicheke.

Tupokigwe akasimama. Sauti yake ilikuwa ileile ya kanisani.

"Wakwe zetu, huyu ndiye aliyenijengea nyumba. Fundi, unaona nini mbele yako?"

"Naona... naona ufa, mama."

"Wa Mungu?"

Ambakisye akaweka sahani chini, akainuka, akaingiza mkono ufani, akapapasa mpaka chini kabisa. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini hakuwa mwovu.

"Wa kwangu," akasema taratibu. "Msingi wa upande huu sikuuchimba hadi kwenye udongo mgumu. Niliiharakisha kazi. Nisamehe, mama."

"Mmesikia nyote?" akauliza Mzee Mwasomola.

"Tumesikia!" wakaitikia, wakwe wakiwa wa kwanza.

"Basi baraza lipumzike," fundi akasema. "Ukuta huu nitaubomoa na kuujenga upya kwa gharama yangu."

Tupokigwe akaanzisha wimbo, na Ambakisye akawa wa kwanza kucheza.

Ahadi yake aliitimiza. Safari hii msingi aliuchimba mpaka sururu ikagonga mwamba. Na tangu hapo, kila alipomkabidhi mtu nyumba, alimwambia, "Usizibe ufa kabla sijauona." Wenye nyumba wakaupenda msemo huo, wakaugeuza kidogo na kuambiana wao kwa wao.

Mzee Anganile akainuka pale kwenye matofali. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo, mzee, ufa huzibwa?"

"Huzibwa, tena vizuri, na mwenye kazi yake. Ndiyo maana twasema: usizibe ufa kabla fundi hajauona."