Madumu Matano ya Shangazi Jumwa

Hii usiifungie sandukuni. Ukishaisikia, mpe na mwenzio acheke kwanza, halafu aifikirie.

Zamani kidogo, lami ya Malindi ikiwa bado inanukia upya, palikuwa na mama mmoja akiitwa Jumwa. Alikuwa muuza leso, mama wa kanisani hasa. Funguo zake zote, ya duka, ya kabati, mpaka ya kikopo cha sukari, alizivaa shingoni kwa uzi mweusi. Akitembea unamsikia, che che che, kabla hujamwona.

Pombe hakupata kuitia mdomoni. Akipita penye walevi alibana pua na kuharakisha.

Lakini Jumwa alikuwa na Kalume, mtoto wa marehemu kaka yake. Alimlea tangu hajui kujifuta kamasi. Sasa Kalume amekuwa mwanamume, na moyo wake umekwama kwa Nyevu, binti wa Mzee Ngumbao, kule juu upande wa Kaloleni. Na Nyevu naye kwa Kalume, hasikii haoni.

Kwa desturi ya huko, huendi kuposa na maneno matupu. Unakwenda na mnazi, ile pombe wagema wanayoishusha toka juu ya minazi. Binti anaonja kwanza. Akikubali, wazee wanakunywa, na neno limekwisha.

Mzee Ngumbao akaongeza lake. Alisema, "Mnazi wa mahali pamoja siutaki. Mkitoka kwenu, pitieni wagema watano, kila mmoja awape dumu lake. Nataka nionje njia atakayopita mwanangu."

Mara ya kwanza, mwaka uliotangulia, walikwenda wadogo zake Jumwa, Kenga na Mwaringa. Walifika na madumu nusu nusu, macho mekundu. Wakasema, "Mzee, barabara mbovu, umemwagika." Mzee akawaonyesha njia ya kurudi.

Mara ya pili wakafika na madumu yamejaa pomoni. Mzee akapiga funda moja, akatema. "Huu mnazi umenyeshewa na mvua?" Akawarudisha tena, na safari hii akasema mbele ya wazee wenzake: "Nawapa Jumamosi moja tu, kabla ya saa nane mchana. Ikiharibika hiyo, Nyevu ana watu wengine wanaongoja."

Kalume aliposikia, siku mbili chakula hakikupita kooni.

Jumwa akasema, "Basi. Safari hii nakwenda mwenyewe."

Jumamosi alfajiri walikodi kanta, lile lori dogo, wakapanga mabenchi nyuma, wakapanda watu kumi na wawili: wajomba, mashangazi, Kalume na shati lake jeupe, na dereva Athumani mbele. Jumwa alikaa katikati kama askari wa benki. Alikuwa na madumu matano matupu, vifuniko vipya, na mipira ya baiskeli ya kufungia.

"Dada, sasa hiyo mipira ya nini?" Mwaringa akauliza.

"Ya midomo yenu."

Gari zima likacheka. Wakaanza kuimba.

Gede, mgema alikuwa ndiyo kwanza anashuka na kibuyu chake kiunoni. Mnazi wa Gede mtamu kama maji ya dafu, watoto wangeunywa. Jumwa akajaza dumu, akakaza kifuniko mpaka vidole vikauma, akazungushia mpira mara saba.

"Hatuonji?" Kenga akauliza.

"Utaonja ukweni."

"Lakini dada, unapita nchi ya mnazi bila hata kulowesha ulimi, si ni kama kwenda arusini ukakaa nje ya ua?"

"Basi kaa nje ya ua."

Matsangoni, mgema mzee alimtazama Jumwa anavyokaza, akatikisa kichwa. "Mama, usifanye hivyo. Mnazi haufungwi hivyo. Ziba mdomo kwa makumbi ya nazi, upate kupumua."

"Upumue? Una mapua?"

"Mama, unachemka wenyewe huo, bila moto. Ukiubana na jua hili, utakuonyesha."

Kenga akadakia, "Kweli kabisa dada, lazima upumue."

Hapo ndipo alipoharibu. Jumwa alimgeukia. "Mwaka jana pia ulisema kweli. Ukasema barabara mbovu. Na wewe baba," akamwambia mgema, "huyu amekukonyeza, nimemwona." Akaongeza mpira mara tatu juu ya zile saba.

Maskini, hakukonyezwa mtu. Lakini ungekuwa wewe, ungemwamini Kenga?

Wakapita Tezo, dumu la tatu. Mnazi wa Tezo mkali kidogo, unachoma puani. Kwenye daraja la Kilifi akina mama walisimama kwenye mabenchi wakapiga vigelegele mpaka wavuvi kule chini wakawapungia mikono. Kalume akacheka kwa mara ya kwanza juma lile. Jumwa alipomwona anacheka, funguo zikatikisika kifuani kwa furaha.

Mavueni, dumu la nne. Hapo wakaacha barabara kubwa, wakakata kupanda vilimani, minazi kushoto, minazi kulia. Dumu la tano walilipata kwa mgema wa chini ya kilima.

Kote huko Kenga alikuwa ametulia ajabu. Alikaa nyuma kabisa juu ya lile dumu la Gede, amejifunika shuka, kichwa ameinamisha. Hakuimba, hakubisha.

Jumwa akamnong'oneza Mwaringa, "Mwone ndugu yako. Angalau leo amekumbuka kusali."

Mwaringa akakohoa, akatazama minazi.

Ilikuwa saa sita, jua limewakalia utosini. Jumwa aliona madumu yake yamevimba, yamekuwa kama matumbo ya mbuzi waliokula mahindi mabichi. Akafurahi moyoni. Akasema, yamejaa vizuri.

Puu!

"Tairi!" akapiga kelele Athumani, akakanyaga breki.

Puu! Puu! Haikuwa tairi. Kifuniko kimoja kilipaa, kikamvua Mwaringa kofia. Dumu jingine lilipasuka ubavu, na kila moja likamrushia Jumwa povu lake. Watu wakaruka chini, huyu kakimbilia mihogo, yule kaingia chini ya gari. La mwisho lilikuwa baina ya miguu ya Jumwa. Puu! Likamwogesha toka kilemba cha kanisani mpaka kwenye viatu.

Mnazi unatiririka nyuma ya kanta, chururu, chururu. Kuku wa jirani wakaja mbio kunywa.

Jumwa alisimama pale juu, ananuka kama kilabu, povu linamdondoka kwenye nyusi. Watu walijizuia, walijizuia, lakini shangazi mmoja mnene akashindwa, akaangua kicheko, na wote wakamfuata wakishika mbavu. Kalume peke yake hakucheka. Alikaa kando ya njia, akashika kichwa.

Jumwa alipomwona, naye akataka kulia.

Kisha akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne yaliyopasuka. La tano liko wapi?

"Kenga. Inuka."

"Dada, mguu umekufa ganzi..."

"Inuka!"

Kenga akainuka, shuka ikaanguka. Dumu la Gede lilikuwa zima, halikuvimba hata kidogo. Ubavuni, karibu na mpini, lilikuwa na tundu dogo la msumari, na ndani ya tundu mrija. Jumwa akalitikisa. Nusu.

"Ndiyo sala yako hii!"

"Dada, nipige. Lakini angalia, ndilo lililobaki."

Na kweli ndilo lililobaki. Madumu ya mlinzi yamepasuka yote, dumu la mwizi likafika. Jumwa hakujua amtukane au amshukuru.

Kuchukua mnazi mwingine haiwezekani. Mgema hapandi saa hizo. Wa asubuhi umeshanunuliwa, wa jioni bado unadondoka kibuyuni. Na saa nane hiyo inakuja.

Kando ya njia palikuwa na bomba la maji, mama mmoja anateka. Jumwa aliangalia lile dumu. Akaliangalia bomba. Akamwangalia Kalume na shati lake jeupe. Na yeye, mama wa kanisani, ambaye hajapata kumdanganya hata mteja wa leso, akashuka na dumu, akaliweka chini ya bomba.

Mkono wa Kenga ukafunga bomba.

"Hilo tulishalifanya sisi, dada," alisema taratibu. "Usilifanye wewe. Ukilifanya wewe, kwetu hakubaki mtu."

Wakatazamana, ndugu wawili. Jumwa akaliondoa dumu. Akaokota makumbi ya nazi yaliyotupwa pale, akaziba mdomo wa dumu, taratibu, bila kukaza.

Walifika kwa Mzee Ngumbao saa nane kasorobo. Wazee wamekaa kwenye mikeka, Nyevu amesimama mlangoni, leso ameishika kwa meno. Wakashuka watu kumi na wawili na dumu moja.

Mzee alilinyanyua, akalipima kwa mkono. "Nusu," akasema. "Haya. Leo barabara imefanyaje?"

Jumwa akapiga magoti. "Mzee wangu, barabara ilikuwa nzuri. Yalikuwa matano. Mimi niliyakaza manne kwa ujinga na ukaidi, mgema alinikanya sikumsikia, yamepasuka. Hili moja..." Akasita. Hakutaka kumwaibisha ndugu yake mbele ya wakwe.

Kenga akapiga magoti kando yake. "Hili nimelinywa mimi, nimeinamisha kichwa, dada akidhani nasali. Nililitoboa na msumari. Na mwaka jana haukumwagika, mzee. Tuliunywa. Na maji ya mara ya pili nilitia mimi kwa mkono huu."

Wazee wakaguna. Kalume akafumba macho. Nyevu akaachia leso kinywani.

Mzee Ngumbao akasogea mpaka kwa Jumwa. Akainama. Akanusa bega la gauni lake. Akanusa kilemba. Jumwa akatamani ardhi immeze.

"Huu wa Tezo," akasema mzee. "Unachoma puani. Na huku begani... Mavueni, siwezi kuukosea. Wa Matsangoni upo kwenye kilemba. Na huu wa mwisho wa hapo chini ya kilima, mgema wake ni shemeji yangu." Akasimama wima, akanusa na mdomo wa dumu, akawageukia wazee. "Niliwaambia nataka kuonja njia. Gede iko ndani ya dumu, na nyingine zote mama huyu amezivaa!"

Mkeka mzima ukalipuka kwa kicheko. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Kisha akainua mkono.

"Sikilizeni. Mara ya kwanza mliniletea nusu na uongo. Mara ya pili mliniletea madumu mazima, na uongo ndani yake. Sikuwarudisha kwa sababu ya kiu yenu. Nani hapa hajapata kiu njiani? Niliwarudisha kwa sababu sikujua mwanangu, siku akiwa kwenu anaumwa au ana njaa, nani ataniambia kweli. Leo mmeniletea nusu dumu na ukweli mzima. Kwangu mimi dumu hili limejaa."

Akauchomoa mrija wa Kenga kwenye tundu, akaupangusa, akautumbukiza mdomoni mwa dumu. "Nyevu, njoo. Tunywe, tusinywe?"

Nyevu akapiga funda moja. Akamtazama Kalume. "Kunyweni, baba," akasema, "kabla baba mdogo Kenga hajasali tena."

Lo! Vigelegele vilivyopigwa pale, mbuzi walikata kamba.

Jioni wanajiandaa kurudi, Mwaringa akauliza, "Dada, na mnazi wa arusi je? Nani ataulinda?"

Jumwa akawaza. Akatoa funguo zake shingoni, akachomoa ya chumba cha nyuma cha duka, penye ubaridi. Akampa Kenga.

"Mimi?" Kenga akashtuka. "Dada, mimi?"

"Wewe. Aliyejishtaki mbele ya wakwe, hatanificha mimi kitu." Akapanda gari, akakaa, akanyoosha kiganja. "Ila ule msumari, nipe."

Funzo: Ukifika kwa watu na pungufu lako, sema ni pungufu. Mwenye nyumba atalisamehe dumu lisilojaa, lakini hatamwamini tena aliyelijaza maji.