Kicheche Aliyekaribishwa

Paukwa!

Pakawa!

Nani hao walioitikia? Jitajeni, maana leo siamini sauti nisiyoijua. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Kichuguuni walichimba mashimo saba, wakayaunganisha chini kwa chini mpaka yakawa mtandao mmoja. Aliyeingia shimo moja aliweza kufika yote. Kila mlango ulikuwa jiwe, na kila jiwe lilikuwa na neno lake la siri. Likisikia neno hilo, linafunguka, kisha linajifunga lenyewe.

Mlinzi alikuwa Bi Nungunungu. Huyo alishuku hata kivuli chake. Wenzake wakimcheka, "Wewe, hata mvua utaiuliza imetumwa na nani!"

"Nitaiuliza," akajibu. Moyoni hakuwa na raha. Katika chumba cha ndani walilala watoto sita wa Panya Buku, na Kicheche, mla panya, alikuwa ameonekana akizungukazunguka.

Siku ya kwanza Kicheche akaja mlango mkubwa. "Hodi! Mimi fundi. Njia yenu imebomoka, nipe neno la siri niitengeneze."

"Fundi uliyeitwa na nani?"

Kicheche akaenda zake.

Siku ya pili akaja amejipaka majivu asitambulike. "Hodi! Nimetumwa na mkuu wenu, Mzee Fuko. Taja neno la siri sasa hivi, la sivyo unafukuzwa kazi!"

"Mzee Fuko ana miguu. Aje anifukuze mwenyewe."

Kicheche akaenda zake. Bi Nungunungu hakutulia. Akapita mlango kwa mlango. "Badilisheni maneno yenu, jamani. Msiweke maneno mnayoyasema kila siku."

Panya Buku akacheka tu. Alikuwa mkarimu, lakini msahaulifu kupindukia, na neno lake alilipenda.

Siku ya tatu, mchana kweupe, Kicheche akaenda mlango wa nyuma, kwa Panya Buku. Akaigiza sauti ya kizee. "Hodi, mwanangu! Shangazi yako nimekuja kuwaona wajukuu."

Panya Buku alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Akaitikia kama alivyolelewa: "Karibu!"

Lahaula! Hilo ndilo lililokuwa neno lake la siri. Jiwe likafunguka, Kicheche akaingia, jiwe likajifunga.

Bi Nungunungu akanusa harufu ya Kicheche. Akakimbia, akawahi chumba cha watoto, akageuza mgongo, akasimamisha miiba, njia ikaziba. Kicheche akachomwa pua. Akarudi mbio kwenye jiwe.

"Funguka!" Kimya. "Fundi!" Kimya. "Mzee Fuko!" Kimya.

Hakujua ni neno gani lililolifungua, ila alikumbuka kuwa alipopiga hodi lilifunguka; akamgeukia Panya Buku aliyetoka jikoni. "Mwanangu, shangazi yako naumia! Hodi! Hodi!"

Neno lilimfika Panya Buku ulimini. Akasikia watoto wake wakilia nyuma ya miiba. Akafumba mdomo, hakuitikia. Miiba ikasogea, ikasogea. Kicheche hakutoka tena.

Tangu hapo, ukipiga hodi Kichuguuni, kwanza unaulizwa, "Nani?" Na Bi Nungunungu hachekwi.

Funzo lake ni hili: adui yule hakuvunja mlango, alifunguliwa. Anayekuharakisha umpe siri, mwulize katumwa na nani. Na siri yako usiiweke kwenye neno la kila mtu.

Hadithi yangu nimeifunga, na neno la kuifungua siwaambii.