Kwa Nini Mbwa Mmoja Akibweka, Mtaa Mzima Huitikia

Kabla mbwa hawajajua kuitikiana, kila mmoja alibweka kwa alichokiona mwenyewe, akanyamaza. Wa jirani hakujihangaisha. Hayo yalibadilika Uchina ya kale, chini ya mfalme aliyetaka kujua kila kinachotendeka uani kwa watu.

Askari wa kuweka kila mlangoni hakuwa nao. Akatumia kitu rahisi zaidi: woga. Nyumba ziliwekwa katika makundi ya tano tano. Mmoja akikosa na wenzake wakakaa kimya, wote waliadhibiwa. Waliomsifu walisema nchi ilitulia. Ilitulia, ndiyo, hata wewe ukishikwa koo utatulia.

Katika kundi moja la nyumba tano, kijijini, aliishi Qiao, mjane aliyefuga viwavi wa hariri. Mdogo wake, Deng, alitoroka kazi ya lazima ya kujenga ukuta, akajificha kwake nyuma ya matenga ya majani ya mforosadi, chakula cha viwavi. Angepatikana, angeuawa. Lakini vumbi la ukutani lilimwachia kikohozi kisichojua kujificha.

Jirani wa Qiao katika zile tano, Mzee Fang, alikuwa na wajukuu, na sheria aliijua. Asubuhi moja alikuja kuomba moto.

"Mama, nyumba yako siku hizi inakohoa kwa sauti ya kiume."

"Ni mbwa, mzee."

Fang alimtazama mbwa, aliyelala zake mlangoni. Kwenda kusema kwa wakubwa kungemwokoa yeye na wajukuu. Alisimama pale mpaka kaa la moto likaanza kufifia mkononi, kwenye kigae.

"Basi mfundishe kubweka," alisema. "Mbwa anayekohoa atatuponza sote."

Akazunguka nyumba zile nyingine tatu, kila moja ikiwa na mbwa wake, akanong'ona. Hakuna aliyeuliza jina la mgonjwa.

Mkaguzi wa mfalme alipofika, alianzia kwa Qiao. Akainama kwenye matenga, na hapohapo kifua cha Deng kikaanza. Qiao alimfinya mbwa wake sikio, mbwa akabweka. Fang akamkanyaga wake mkia. Nyumba ya tatu, ya nne, ya tano, zote zikaitikia, mpaka mkaguzi akaziba masikio. Akatoka nje na kuuliza wazimu gani huu.

"Ni amri, mheshimiwa," Fang alijibu kwa adabu. "Mmoja akiona, wote waseme. Tumewafundisha hata mbwa."

Mkaguzi angepinga vipi amri ya bwana wake? Aliwasifu, akaondoka, huku kelele zikimsindikiza hadi njia panda. Deng alivuka mpaka wa ufalme akiwa hai, bado anakohoa.

Na tangu siku hiyo, mbwa mmoja akibweka, mtaa mzima huitikia bila kuuliza ameona nini. Wakikukera, usiwatupie jiwe. Huenda kuna mtu anakohoa.