Gari la Mkunga Kwenye Maji ya Mpiji

Wahenga hawakumtuma mtu alale njiani. Waliposema "Kawia ufike" walimkusudia yule anayeijua safari yake na chombo chake, akakubali kupoteza kidogo ili asipoteze yote. Wengi huitamka methali hii wakiwa wamekwisha kuchelewa, wapate pa kuufichia uvivu wao. Mtoro Msabaha wa Dunda alijifunza maana yake mbele ya macho ya watu wenye hasira, na uvivu haukuwamo.

Mwaka wa sabini na tisa Mtoro alikuwa dereva wa zahanati moja ya wazazi mjini Bagamoyo. Gari lake lilikuwa dogo, la petroli, lililoachwa na daktari mmoja mgeni aliporejea kwao. Injini yake haikutimia hata lita mbili, silinda nne tu, lakini kwenye mchanga ilivuta kama ya silinda sita. Siri ilikuwa tabo, yaani kile kigurudumu kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho kikaisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe. Mtoro alipokanyaga mafuta, tabo ilipiga mluzi na abiria wakashikilia viti.

Sifa hizo zilikuwa na doa. Masika ya mwaka uliotangulia gari hilo lilikuwa likimpeleka Dar es Salaam Sikuzani, mke wa seremala wa pale Dunda, aliyeshikwa na uchungu usiokwisha. Kwenye mto Mpiji maji yalikuwa yamefunika barabara. Gari lilizimwa, likasukumwa na watu hadi ng'ambo, na lilipowashwa likatoa moshi wa buluu. Mluzi uligeuka kelele za chuma kusugua chuma, kisha nguvu zote zikaisha. Hadi lori lilipopatikana, mtoto wa Sikuzani alikuwa amekwisha kufa tumboni. Tangu siku hiyo Mtoro hakupita mbele ya nyumba ya seremala bila kuinamisha kichwa.

Maneno hayakukosa wasemaji. Wengine walisema kwamba hiyo ni injini ya mbuzi iliyotwishwa mzigo wa ng'ombe. Bimdogo, mkunga aliyekuwa mkuu wa zahanati, mwanamke asiyerudia neno, alikata shauri. Tabo ya akiba iliyoachwa na yule daktari ifungwe, na hiyo nayo ikifa, gari liwekwe juu ya mawe. Hapakuwa na gari jingine. Wazazi wangerudi kungoja malori barabarani.

Mtoro hakukubali kwamba gari ni bovu. Aliibeba ile tabo iliyokufa mpaka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi Majaliwa. Majaliwa aliifungua, akamwonyesha oili iliyoungua ikagandamana kama masizi ya chungu.

"Ukifika mtoni huwa unafanyaje?" aliuliza.

"Nafika mbio, nazima, nashuka, nawaamkia wazee. Utasukumwaje na watu ambao hujawaamkia? Na utamwamkiaje mzee huku injini inamngurumia usoni?"

Majaliwa alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. "Adabu yako ndiyo inayoua, bwana! Chuma hiki kikitoka mbioni huwa chekundu kama kaa la moto. Kinapozwa na oili, na oili huzunguka injini ikiwa inawaka. Ukizima ghafla, oili husimama ikaungulia mle mle. Mwisho wa mbio tembea taratibu, kisha liache gari silensa, lingurume tu limesimama mpaka lipoe. Ndipo uzime."

"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo. Ila utaliona zito siku utakapokuwa na haraka."

Siku hiyo haikukawia. Masika yalipopamba moto, asubuhi moja seremala alikuja zahanati akihema: Sikuzani ameshikwa tena, na mambo ni yale yale. Mtoro alilipeleka gari hadi mlangoni. Sikuzani, akiwa amekumbatiwa na Bimdogo, alilitazama akasita.

"Ni lile lile?"

"Ni lile lile, dada," alisema Mtoro. "Dereva ndiye siye yule."

Barabara ilikuwa tope na mashimo, na Mtoro hakulionea gari huruma. Alilikanyaga, mluzi ukapanda, kijiji cha Mapinga kikabaki nyuma. Lakini walipoanza kuteremkia bonde la Mpiji, akainua mguu, gari likawa linatambaa.

"Mtoro, mbona unapunguza? Huioni hali ya mwenzio?" alifoka Bimdogo.

"Naiona, mama. Napunguza kwa ajili yake."

Maji yalikuwa yamefunika barabara kama mwaka jana. Kuvuka na injini ikiwaka ni kuinywesha maji, kwa hiyo ilikuwa lazima kuzima na kusukumwa. Mzee Kibwana, kiongozi wa wasukumaji, alikuwa amesimama na wenzake, vikoi vimekunjwa hadi mapajani. Mtoro alisimamisha gari, akashuka, akaiacha injini inanguruma.

"Shikamoo, mzee wangu."

Mzee Kibwana hakuitikia. "Lizime hilo kwanza. Mimi huamkiwa na watu, siamkiwi na magari."

"Niwie radhi, mzee wangu. Nikilizima sasa litakufa ng'ambo. Naomba lipoe kidogo tu."

Wasukumaji walinung'unika. Mmoja alisema kijana huyu ameota pembe, na asukumwe na mluzi wake. Ndani ya gari Sikuzani alipiga ukelele. Bimdogo akafungua mlango kwa kishindo.

"Zima, Mtoro! Mtu ananifia mikononi! Zima tuvuke!"

Mtoro alitaka kuzima. Mkono wake ukapita dirishani hadi kwenye ufunguo. Aliona aibu mbele ya mzee, akaona hofu mbele ya mgonjwa, na yote mawili yalimwambia zima. Akaurudisha mkono.

"Nitukaneni mnavyotaka," alisema huku machozi yakimlenga. "Sizimi bado."

Mzee Kibwana aligeuka, akaanza kwenda zake. Ndipo sauti dhaifu ilipotoka kiti cha nyuma.

"Mwacheni," alisema Sikuzani. "Mwaka jana alizima."

Mzee alisimama. Injini ikaendelea kunguruma hadi Mtoro alipoona inatosha, akazungusha ufunguo. Mzee Kibwana alirudi garini. Alikuwa wa kwanza kutia bega.

Ng'ambo, Mtoro alisoma Bismillahi, akawasha. Moshi wa buluu haukutoka. Alikanyaga, mluzi ukapanda safi, na gari likakipanda kilima cha Bunju kama lisilo na mtu ndani. Hospitalini Sikuzani alipokelewa na kukimbizwa ndani, naye Mtoro akabaki juu ya usukani, injini silensa, mpaka nayo ikapata haki yake.

Kesho yake alirudi peke yake. Maji yalikuwa bado yapo, na Mzee Kibwana yupo. Mtoro alilitembeza gari taratibu, akaliacha lingurume, akazima, akashuka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Yule bibie?"

"Amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima."

Mzee alivua kofia yake, akapangusa uso ambao haukuwa na jasho. "Siku nyingine ukija na mgonjwa, liache lingurume mpaka lichoke lenyewe. Sisi tutasimama."

Mtoro alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akalia mbele ya wanaume wenzake wala hakuona haya. Gari lilikuwa lile lile, na maji yale yale. Alipokwenda mbio mpaka ukingoni hakufika na mtoto, na alipokubali kutukanwa akasubiri, alifika nao wawili. Kawia ufike.