Waliolisimamisha Lori la Gulio

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yangu mimi haina majitu wala sungura. Ni zamani ya juzijuzi, wakati stika ya bima bado ilikuwa karatasi ya kubandika kwenye kioo cha gari. Kaeni vizuri. Mtandao ukikatika katika ofisi hii haurudi haraka, na hakuna kati yenu atakayelipia gari lake mpaka urudi. Nisikilizeni, kisha mnijibu, maana mwisho wa hadithi hii utatoka kwenu.

Nimeuza bima miaka ishirini na miwili. Mnaniita Bwana Bima, jina langu mmeshalisahau. Kazi yangu ni kuwauliza watu mambo matatu wasiyopenda kuulizwa: pesa zako zikoje, afya yako ikoje, gari lako linaendeshwa na nani. Na miaka yote hiyo ninajibiwa uongo. Mwenye kisukari ananiambia ni uchovu wa safari. Mwenye gari lililopanda ukuta ananiambia ukuta ulijengwa vibaya. Kuna mmoja aliniapia kwamba aligongwa na ng'ombe kwa nyuma, na siku hiyo gari lake lilikuwa gereji, halina magurudumu. Siwalaumu. Mtu akiishika fomu ya madai, mkono hupinda wenyewe. Ndiyo maana watu watatu ninaotaka kuwasimulia habari zao, mpaka leo nikiwakumbuka mwili unanisisimka.

Huko milima ya Usambara kuna mteremko tunauita Kwembago. Ni mrefu, una kona juu ya kona, na kona ya mwisho inatazama bonde ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Madereva wa malori ya mboga wana mazoea yao pale. Mwenye lori huwapimia dizeli, na inayobaki ni ya dereva. Basi wakifika juu wanaitoa gia kabisa, lori linateleza lenyewe, dizeli inapona. Kila dereva anajua ni kosa, na kila dereva anafanya.

Jumatano moja, siku ya gulio, lori la Mzee Hoza liliteremka Kwembago limejaa kabichi, karoti na peasi. Juu ya magunia walikaa wanawake kumi na tisa, wenye mali hiyo. Hoza alikuwa dereva mtu mzima, mpole, ambaye hata akikasirika humsikii. Alipofika juu akaitoa gia, kama alivyofanya miaka yote.

Akashika breki, zikashika. Akashika tena, zikashika kidogo. Akashika mara ya tatu, mguu ukazama mpaka sakafuni na harufu ya kuungua ikapanda. Akajaribu kuirudisha gia. Ikasaga, ikakataa, kwa sababu lori kuukuu likishakolea mwendo gia haiingii. Akabonyeza honi na hakuiachia tena. Mlango wake ulikuwa upande wa mlima, na ukingoni palikuwa na majani mengi, laini. Angeweza kuruka. Hakuruka.

Mbele yake, kona mbili chini, ilikuwa Corolla nyeupe ya Shemweta, dereva teksi. Gari lilikuwa lake mwenyewe, jasho la miaka tisa, na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, nilimkatia mimi. Kando yake, siti ya mbele, alikaa abiria mmoja tu: Bi. Namkunda, muuguzi mstaafu kutoka Upareni, mgeni kabisa pale, alikuja kumjulia hali rafiki yake na sasa alikuwa anarudi kwao.

Shemweta akasikia honi. Akatazama kioo, akaliona lori linavyokuja, na juu ya magunia akaona mtandio wa njano wa mke wake, Mwanahamisi. Alimpandisha mwenyewe asubuhi ile. Pembeni palikuwa na nafasi ya kuegesha. Angeweza kukaa pembeni. Hakukaa, bali kwanza aliuliza. Maneno haya nimeyasikia kwa Shemweta na nimeyasikia kwa Namkunda, kila mmoja peke yake, na hayakutofautiana.

"Mama, nyuma yetu kuna lori halina breki, na lina watu. Nikikaa pembeni litatupita salama. Nikikaa mbele yake labda litasimama, labda litatusaga. Nifanye nini?"

Kwamba mke wake yumo, hakusema. Namkunda akageuka, akalitazama lile lori. Angeweza kukataa. Hakukataa. Akafunga mkanda, akasema, "Kaa mbele. Na hiyo breki ya mkono niachie mimi."

Shemweta akapunguza mwendo taratibu, akalisubiri lori mpaka likagusa buti ya Corolla. Lilipogusa tu akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Namkunda akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Vyuma vikaanza kukunjika nyuma yao, buti ikaingia kwenye siti za nyuma, siti za nyuma zikaja kwenye siti za mbele, na hakuna kati yao aliyeachia. Mwendo ukapungua kidogo. Kile kidogo ndicho alichokuwa anakingoja Hoza kule juu. Akaisukuma gia kwa nguvu zake zote, ikasaga, ikaingia, lori likalalamika lote na likasimama.

Lilisimama hatua saba kabla ya kona ya mwisho. Nilizipima mwenyewe kesho yake kwa futi kamba, maana ndiyo kazi yangu. Nilisimama kwenye hatua ya saba, nikatazama bonde, nikageuka nikatazama alama nyeusi za matairi zilivyokuja mpaka pale, na kalamu ilinishinda. Nimeshaona ajali nyingi. Sijawahi kuona ajali iliyopangwa na watu ili watu wapone. Nilikaa chini kwenye lami nikalia, na sioni aibu kuwaambia.

Wanawake wote kumi na tisa walipona, hasara yao ilikuwa kabichi na viatu. Hoza mkono wake wa kulia ulivunjika mara mbili kwa ule usukani. Namkunda alivunjika nyonga. Shemweta alitoka mzima, lakini Corolla ilibaki chuma cha kuuza kwa kilo.

Sasa ndipo nikaanza kuzunguka na fomu zangu.

Nilianza kwa Hoza, hospitali. Nikamwambia, Mzee, breki ziliungua, hilo halina ubishi, andika breki. Nilikuwa namwonyesha mlango wa kutokea. Akaniambia niandike kwamba gia aliitoa yeye, kwa sababu fundi aliyetengeneza breki juzi yake alikuwa ameshawekwa ndani, na fundi hakuwa na kosa. Nikaandika. Fundi akatolewa, Hoza akafungiwa leseni na akafukuzwa kazi.

Nikaenda kwa Shemweta. Nikamwambia, kaka, lori lilikugonga kwa nyuma, andika hivyo tu, na si uongo, gari jipya unalo. Akaishika kalamu muda mrefu. Kisha akasema, "Lilinigonga kweli, Bwana Bima. Lakini mimi nililingoja." Akaandika hivyo hivyo. Na bima, ndugu zangu, inalipa ajali. Gari ulilolivunja kwa kukusudia hailipi, hata kama ulikusudia mema.

Nikaenda kwa Namkunda. Nikamwambia, Mama, abiria hana kosa, andika kwamba hukujua kitu mpaka mlipogongwa, matibabu yako yote yatalipwa. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa waliokataa dawa. Akasema aliulizwa, na akajibu, na jibu lake halikanushi. Aliyeikubali hatari kwa hiari yake, mkataba wetu haumjui.

Watu watatu, fomu tatu, na kila mmoja niliyemfungulia mlango alikaa palepale ndani. Nilirudi ofisini nikaziweka fomu mezani na sikuweza kufanya kazi nyingine siku ile.

Habari zikamfikia meneja wetu mkuu. Kampuni ilikuwa na desturi ya kutoa zawadi ya gari moja jipya kila mwaka kwa mtu aliyezuia hasara kubwa, na kwa kawaida anapewa mwenye ghala aliyenunua mitungi ya kuzimia moto. Mwaka ule meneja akasema gari liende kwa aliyewaokoa watu wa Kwembago. Gari moja, jina moja, na kwa masharti yake haliuzwi wala haliandikwi watu wawili. Akawaita wote watatu, pamoja na wale wanawake, hapa hapa mlipokaa. Akawaambia kila mmoja aseme kwa nini gari liwe lake. Nilidhani wataoneana haya na kusukumiana. Hawakusukumiana.

Hoza akasimama, mkono umefungwa shingoni. Akasema, "Gari ni langu. Hawa wawili waliingia mwishoni, mimi nilikuwa ndani tangu juu. Bila mtu kwenye usukani, lori lile lingewapindua na kuendelea na safari yake. Gia niliitoa mimi, na mimi ndiye niliyeirudisha. Kosa langu nimelilipa kwa leseni, kwa kazi na kwa mkono huu. Wema wangu nani atanilipa?"

Shemweta akasimama. Akasema, "Gari ni langu, kwa sababu lililovunjika lilikuwa langu. Asubuhi nilikuwa nalo, mchana sikuwa nalo. Mzee Hoza alivunja lori la tajiri. Mama hapa hakuwa na gari la kupoteza. Mimi nilitoa mkate wa watoto wangu nikauweka chini ya lori, na ningesema neno moja la uongo ningerudishiwa. Sikulisema."

Namkunda hakusimama, hakuweza. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na daktari alikuwa amesema bila mazoezi ya hospitali mara tatu kwa wiki, kule mjini, hatatembea tena. Akasema, "Gari ni langu. Mzee Hoza alikuwa anaokoa na roho yake mwenyewe. Shemweta alikuwa anamwokoa mke wake. Mimi kwenye lori lile sikuwa na mtu, hata karoti sikuwa nayo. Na ningesema kaa pembeni, angekaa. Muulizeni."

Meneja akamgeukia Shemweta, akamuuliza kama ni kweli. Jamani, mtu yule angeweza kusema hapana. Gari la zawadi lilikuwa limeegeshwa pale nje linamtazama, jeupe kama lile la kwanza, na mke wake amekaa pale nyuma anasikiliza.

Shemweta akasema, "Ni kweli. Nilikuwa nimebeba roho ya mtu, isiyokuwa yangu. Angesema pembeni, ningekaa pembeni, na mke wangu angepita."

Nikamtazama Mwanahamisi. Aliinamisha kichwa, akawa anaviringisha ncha ya mtandio wake kidoleni. Wenzake kumi na wanane walianza kusema wote kwa pamoja, huyu anamtaja Hoza, huyu anamtaja mama, huyu anamtaja Shemweta, na wala hawakuelewana. Meneja akawatuliza, akamwomba Mwanahamisi aseme yeye.

Akasema bila kumtazama mume wake, "Msimpe kwa ajili yangu. Mimi na yeye tutazungumza nyumbani. Mkimpa, mpeni kwa ajili ya hawa kumi na wanane ambao hakuwa mume wao."

Meneja mkuu alikuwa mtu wa kuamua mambo kabla chai haijapoa. Siku ile alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Mwisho akanisogezea mimi fomu na ufunguo, akasema mimi ndiye niliyepima hatua zile saba, basi niandike jina. Mstari wa jina ulikuwa mmoja. Mbele yangu walikaa Hoza na mkono wake, Shemweta na mke wake asiyemtazama, na Namkunda na miguu yake isiyotembea, na sikuona aliyekuwa mdogo kuliko mwenzake.

Niliandika. Jina nililoandika sitawaambia, maana nikishalitaja mtaacha kufikiri mtaanza kunisifu au kunilaumu. Kalamu hii nawapa nyinyi. Mmoja alibaki kwenye usukani, na kosa lilianzia kwake. Mmoja alilingoja lori, na mke wake alikuwemo. Mmoja alisema kaa mbele, na hakupoteza mali, alipoteza miguu. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili ufunguo ule?