Gari Lililokufa kwa Shibe

Ndugu zangu, kisomeni kisa hiki taratibu, kisha mfikishieni yeyote mnayemtakia salama.

Korogwe aliishi Maalim Shekiondo, mtu wa msikiti na darasa, mwenye gari kuukuu. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa akipoteza nuru ya macho. Daktari wa Moshi alikuwa amewaambia, "Akiletwa mapema, ataona. Akicheleweshwa, mimi sina dawa ya giza."

Mara mbili Maalim aliianza safari ya kumpeleka Moshi, na mara mbili ilimshinda, kwa sababu isiyoeleweka. Gari lilipokuwa na mafuta kidogo lilikimbia kama swala. Lilipojazwa tangi kwa ajili ya safari, lilikohoa, likatetemeka, likazima palepale kwenye kituo cha mafuta. Harufu ya petroli iliwajaa puani, na taa ya injini ikawaka.

"Gari gani hili," aliuliza Maalim, "likiwa na njaa hukimbia, likishiba hufa?"

Fundi Ngoda alibadilisha plagi, akabadilisha pampu. Kwenye gereji, tangi likiwa karibu tupu, gari lilinguruma vizuri. Lilipojazwa, likagoma.

"Maalim, umelisomea dua?" fundi aliuliza.

"Nimelisomea. Na wewe umelisomea ufundi?"

Jirani mmoja alisema petroli imechakachuliwa. Wakahama kituo, hali ikawa ileile. Mwingine alisema gari limerogwa, na Maalim, ingawa alimkemea, usiku ule hakupata usingizi.

Safari ya tatu, fundi alipanda nao ili ajionee mwenyewe. Kituoni, bomba la mafuta lilijikata lenyewe, ishara kwamba tangi limejaa. Maalim akashuka, akashika ukingo wa paa, akaanza kulitikisa gari, kama wafanyavyo wasafiri wengi kwetu, ili mafuta yashuke na mengine yaongezwe. Fundi Ngoda, bila kufikiri, akashika upande wa pili. Wakatikisa, mhudumu akaongeza. Wakatikisa tena, hadi petroli ikachungulia mdomoni mwa tangi.

Gari likawaka, likakohoa, likazima.

Bi Mwanakombo akasema kutoka kiti cha nyuma, "Mwanangu, leo tena mmelitikisa?"

"Naam, mama. Lipate kushiba."

"Basi mimi nisiyeona nimeona. Kila mkinitikisa humu ndani, hatuondoki. Si wewe unayetuhimiza kila Ramadhani tusijaze tumbo, tuiachie pumzi nafasi yake? Pumzi ya gari umeiweka wapi?"



Fundi akajipiga paji la uso. Akajilaza chini ya gari, akafungua kopo la mkaa lililo jirani na tangi. Petroli ikamchuruzikia hadi kiwikoni.

"Mkaa huu," alisema, "kazi yake ni kuudaka mvuke wa mafuta na kuupelekea injini, uungue. Sisi, kwa kutikisa na kujaza kupita kiasi, tumeunywesha mafuta yenyewe, nayo injini inapaliwa. Na mimi, fundi mzima, nilikuwa nasaidia kutikisa!"

"Na mimi, maalim mzima, nilikuwa nahubiri," akajibu Maalim.

Walipunguza mafuta tangini. Fundi akaleta kopo kavu kutoka kwenye gari bovu la gereji yake, akalifunga. Gari likawaka kwa utulivu, nao wakafika Moshi daktari akiwa bado kazini. Bi Mwanakombo akatibiwa.

Baada ya siku chache, walipokuwa wakirudi, walisimama kuongeza mafuta. Bomba likajikata. Maalim akashuka kujinyoosha, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukapanda wenyewe hadi kwenye ukingo wa paa.

"Mwanangu," ikasikika sauti ya upole dirishani, "huo mkono nauona."

Funzo: Kisichoachiwa nafasi ya kupumua hufa kwa neema ileile iliyokijaza; tosheka na kiasi kinachotosha, na nasaha unayowapa watu ianzie mkononi mwako.